Mwongozo wa kuishi kwa afya Kusini: jiko, muhogo, maji na miguu, bila kuumiza msitu wala bahari

Ushauri mwingi wa afya unaozunguka kwenye simu zetu umeandikwa kwa mtu mwenye friji, duka kubwa jirani na ukumbi wa mazoezi. Ukiufikisha huku Kusini mwa Tanzania, mikoa ya Lindi na Mtwara, tuseme Tandahimba au Kilwa Masoko, unabaki na nusu yake, na nusu hiyo nayo inakudai ununue vitu. Mwongozo huu unaanza na vilivyopo: muhogo, mbaazi, dagaa, mabibo, bati la nyumba na baiskeli iliyoegemea ukutani. Kila hatua nimeipima kwa maswali mawili. Mwili unapata nini? Na msitu, udongo au bahari inapata nini? Jambo lenye faida upande mmoja na hasara upande wa pili halimo humu.

Hatua hizi hazina uzito sawa. Kama una nguvu ya kufanya moja tu mwaka huu, fanya ya jikoni.

Hatua ya kwanza: punguza muda wa moto

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, ambayo sehemu kubwa yake ni moshi wa kupikia, ilichangia vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani. Wanaoathirika zaidi ni kina mama na watoto wadogo, kwa sababu ndio wanaokaa karibu na mafiga. Upande wa msitu hesabu nayo ni mbaya: tanuri la kienyeji la udongo hutoa takriban kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Kwa hiyo gunia unaloliona limeegeshwa kando ya barabara ya Lindi–Mtwara limebeba miti mingi kuliko linavyoonekana.

Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, lakini mbaazi za leo jioni haziwezi kusubiri mkakati. Kabla ya kubadili jiko, punguza saa ambazo moto unawaka.

Anza na kuloweka. Kunde, mbaazi kavu, choroko, maharage na njugu mawe ziingie kwenye maji usiku, asubuhi umwage maji yale. Punje iliyolowekwa inaiva kwa muda mfupi zaidi, na tumbo linajaa gesi kidogo. Mtu anayechemsha njugu mawe kavu mchana kutwa anachoma mkaa kufanya kazi ambayo maji ya usiku yangeifanya bure.

Kisha tengeneza kapu la kupikia. Huhitaji fundi:

1. Tafuta tenga au kapu pana la ukindu ambalo sufuria yako inaingia na kubaki nafasi ya kiganja kizima kila upande, chini pia.
2. Jaza nafasi hiyo kwa kitu kinachoshikilia joto: sufi, nguo kuukuu za pamba, au majani makavu ya mpunga yaliyofungwa ndani ya kitambaa. Shindilia kiasi, usikandamize sana, maana hewa iliyonaswa humo ndiyo inayozuia joto lisitoke.
3. Shona mto mnene wa kufunika juu. Hapa ndipo watu wengi wanapofanya uvivu, na joto lote linapotelea huko.
4. Chemsha chakula jikoni kwanza. Maharage na kunde zilizolowekwa zitokote kwa nguvu dakika 15 hadi 20. Maharage mekundu yasipungue dakika 10 za kutokota kweli, kwa kuwa yakiwa nusu mabichi yana sumu inayochafua tumbo. Wali ukishatokota dakika 5 unatosha.
5. Epua sufuria ikiwa imefunikwa, itumbukize kapuni, funika kwa mto. Wali uache dakika 40 hivi, kunde na maharage saa mbili hadi tatu, na usifunue kuchungulia.
6. Rudisha maharage jikoni yachemke tena kabla ya kupakua, ndipo uyaunge kwa nazi.

Sharti moja: sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu. Chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa hupoa haraka, na chakula vuguvugu kilichokaa saa nyingi ni uwanja wa vijidudu. Nyama na samaki usivipike humo mpaka umelizoea kapu lako na kujua linashika joto kiasi gani.

Kuhusu gesi, kuna mkanganyiko ambao ni vyema uondoke. Gesi asilia iligunduliwa Songosongo, mkoani Lindi, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Hiyo husafiri kwa bomba. Gesi ya mtungini ni aina nyingine, na huja kwa meli kutoka nje. Kwa hiyo kuishi karibu na kisima cha gesi hakukupi mtungi wa bei nafuu, na hasira za wengi mtaani zinaanzia hapo. Kama nyumba yako iko karibu na mtaa uliokwisha kuunganishiwa bomba, ulizia utaratibu wa kuunganishwa. Wengine tunatumia mtungi, na njia ya kuufanya udumu ni kuutumia kwa mapishi mafupi, kama chai, mayai, dagaa na kupasha viporo, halafu kapu limalizie mapishi marefu. Mtungi usimame wima, dirisha liwe wazi, na ukihisi harufu paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama linatoa mapovu. Kiberiti kikae mbali kabisa.

Asiyeweza gesi atumie jiko banifu, kuni zilizokauka, na apikie mahali penye upepo. Kuni mbichi ina moshi mwingi zaidi na joto pungufu.

Hatua ya pili: muhogo ule kwa akili

Muhogo unastahili heshima kuliko tunayoupa. Unavumilia ukame, unakubali udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde, haudai mbolea nyingi, na unaweza kukaa ardhini ukikusubiri. Ila una sumu ya sayanaidi, hasa mihogo michungu, na Mtwara ni moja ya maeneo ambako konzo imewahi kuripotiwa. Konzo ni kupooza miguu kwa ghafla na hakuponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, katika miezi ya njaa ambapo chakula ni ugali wa muhogo mchungu pekee, tena ulioandaliwa haraka haraka.

Kumenya na kuanika juani peke yake hakuondoi sumu ya kutosha kwenye mihogo michungu. Njia ya wazee ya kuloweka siku tatu hadi nne mpaka ulainike, ndipo kuanika makopa, inafanya kazi vizuri zaidi. Na kama unga umeshasagwa na hujui muhogo wake uliandaliwaje, ipo njia ya kuulowanisha iliyobuniwa na watafiti wa Australia, isiyotumia hata kijiti kimoja cha kuni:

1. Mimina unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ndani ya beseni mahali unga ulipofikia.
2. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama yako, acha.
3. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita moja.
4. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama gesi na kwenda na upepo.
5. Songa ugali siku hiyo hiyo. Unga uliolowa haulali.

Kisamvu nacho kina sumu hiyo, ndiyo maana kutwanga si urembo: ukitwanga unaiachia sumu itoke, kisha unachemsha kwa maji mengi bila kufunika mwanzoni. Na mwili wenyewe unahitaji protini ili kuvunja sayanaidi iliyobaki, hivyo ugali wa muhogo usilale mezani peke yake. Weka dagaa, kunde au mbaazi.

Nikitaja mbaazi lazima nisimame kidogo, maana kwa maoni yangu ndiyo zao linalodharauliwa kuliko yote huku kwetu: tunalipanda, tunaliuza, halafu tunanunua nyama kwa deni. Mbaazi inakupa protini. Mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani na kuirutubisha ardhi, majani yanayodondoka yanafunika udongo, na baada ya mavuno mashina makavu ni kuni nzuri, kuni ambazo hazikutoka msituni. Ipande kati ya mistari ya mikorosho michanga au pamoja na mahindi na muhogo. Usiuze gunia zima. Bakiza ya kula mpaka msimu ujao.

Mtama na majani ya kunde, matembele na mlenda navyo havihitaji maelezo marefu: ugali wa mtama unashibisha muda mrefu kuliko sembe iliyokobolewa ikabaki nyeupe pee, na mboga hizi zinaota mvua ikigusa tu ardhi.

Ming'oko, viazi vya mwituni, ni mali ya msitu, na inachimbwa hadi kumalizwa. Ukichimba, acha kichwa chenye shina udongoni, chukua sehemu ya chini, fukia shimo. Mwakani utarudi pale pale.

Hatua ya tatu: samaki, chumvi na mabibo

Kwa samaki, mazoea ya kununua yanafika mpaka baharini. Dagaa wa baharini aliyeanikwa juani ana protini, kalsiamu na mafuta yanayofaa moyo, na kukaushwa kwake hakujala mti. Mpe nafasi mara nyingi zaidi kuliko samaki wa kukaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Ukiwa feri, kwenye soko la samaki, mtazame samaki kabla ya kuuliza bei. Aliyepigwa baruti mara nyingi nyama yake inalegea, uti wa mgongo umevunjika na tumboni kuna damu iliyovilia, ingawa machoni anaonekana mzima. Mwache hapo hapo mezani. Baruti inavunja mwamba ambao samaki wa mwakani wangezaliwa, na soko likimkataa, mvuvi ana sababu moja pungufu ya kuitumia. Pweza naye, kanuni za uvuvi zinakataza kumvua akiwa chini ya gramu 500. Ukiletewa vipweza vya kujaza kiganja, usinunue kwa huruma. Kwa wanaoishi Msimbati na vijiji jirani jambo hili liko nyumbani kabisa, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Chumvi: mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula. Sisi wa pwani tunavuka kiwango hicho kabla ya jioni, hasa tukila ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Loweka ng'onda, mwaga maji, rudia, kisha upike bila kuongeza chumvi. Na chumvi yenyewe iwe ile iliyotiwa madini joto, si ya mabonge iliyochotwa shambani kwa jirani, hata kama ni nyeupe na ya bei poa. Upungufu wa madini joto ndio unaoleta rovu, na kwa mjamzito unaathiri ubongo wa mtoto. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, kavu, mbali na mvuke wa jikoni.

Sasa mabibo. Msimu wa korosho tunaokota korosho na kuacha tunda zima lioze chini ya mti, wakati bibo lina vitamini C mara kadhaa ya ile ya chungwa. Kinachowakimbiza watu ni ukakasi. Dawa yake iko jikoni: kamua mabibo yaliyoiva na kuoshwa, chuja, kisha changanya juisi na uji mwepesi sana wa wali uliochujwa na kupoa. Uache utulie. Ukakasi utashikana na wanga na kuzama chini, nawe mimina taratibu juisi ya juu iliyotakata. Inywe siku hiyo hiyo. Ukiiacha mpaka kesho utakuwa umepika kinywaji kingine, na wajomba watajua harufu yake kabla yako. Mabibo mengine yakatwe na kuanikwa yawe kochoko ya kutafuna.

Hatua ya nne: maji ya bati

Mtu wa Newala hahitaji kufundishwa thamani ya ndoo. Udongo wa uwanda wa Makonde unameza mvua kama mchanga wa pwani, na maji yanatokea chini mabondeni. Mvua zetu huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo kinachokingwa ndicho kinachosaidia.

Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Pima nyumba chini, urefu mara upana wa eneo lililofunikwa na bati, usipime mteremko. Bati la mita 8 kwa 5 ni mita za mraba 40. Mvua ya milimita 20 ni lita 800. Toa zinazomwagika na kuruka pembeni, jipangie lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20 kwa mvua moja nzuri. Mwambie fundi bati aupe mfereji mteremko kidogo kuelekea kwenye tangi, na aweke kipande cha bomba kinachofunguka ili maji ya kwanza ya kila mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yaende kwenye migomba.

Tangi lifunikwe, na kila tundu lizibwe kwa wavu wa mbu. Hili halina mjadala. Lindi na Mtwara zina malaria nyingi, na ni mikoa iliyosumbuliwa kwa muda mrefu na matende na mabusha, magonjwa ambayo pia hubebwa na mbu. Kukinga maji huku unafuga mbu ni kazi bure.

Kwa kunywa, kuchemsha ni salama lakini kunakula kuni. Jua linaweza kusaidia. Chukua chupa za plastiki angavu zisizozidi lita 2, zioshe, jaza maji masafi kwa macho, zilaze juu ya bati saa sita za jua kali. Mawingu yakifunika nusu ya anga au zaidi, ziache siku mbili. Siku ya mvua usitegemee njia hii, chemsha. Kujua kama maji ni angavu vya kutosha, simamisha chupa juu ya ukurasa wa gazeti utazame kupitia mdomoni. Usiposoma kichwa cha habari, chuja kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa. Njia hii inaua vijidudu tu. Haiondoi chumvi, dawa za shambani wala mafuta.

Hatua ya tano: msimu wa korosho

Unga wa salfa unaopuliziwa mitini unaokoa maua ya mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na sitamwambia mkulima aiache wakati ada za shule zimening'inia juu ya mti. Lakini vumbi lake linawasha macho na mapafu, na miaka ikipita linaongeza tindikali kwenye udongo. Punguza uhitaji wake: pogolea matawi yaliyosongamana ili hewa na jua vipite, palilia, na waulize wataalamu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwara, kuhusu miche inayostahimili ugonjwa. Siku ya kupulizia, anza alfajiri upepo ukiwa umelala, vaa barakoa, miwani na mikono mirefu, watoto wabaki nyumbani. Ukirudi, oga kabla ya kubeba mtoto. Mfuko wa salfa usigeuzwe wa kuwekea mahindi, na dumu la dawa ya kimiminika ya kupulizia lisiwe la kuchotea maji hata likioshwa mara ngapi.

Majani makavu ya mkorosho usiyachome. Yasogeze chini ya mti yaoze, ukiacha njia safi ya kuzuia moto usipite. Wanaobangua korosho nyumbani wajihadhari na mafuta ya ganda: yanababua ngozi, na moshi wake ni mkali kuliko wa kuni. Chomea uwanjani, simama upande upepo unakotoka, paka mikono mafuta ya kula au majivu kabla ya kugusa maganda.

Hatua ya sita: miguu, kapu na taka

Mwili unadai angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo. Mkulima anazipata kabla ya Jumanne mchana. Wanaozikosa ni sisi wa ofisini na madukani, tunaopanda bodaboda kutoka mtaa wa Shangani kwenda sokoni. Mtwara mjini ni tambarare, baiskeli inatosha. Lindi kuna vilima, tembea. Siku ya ngoma usikae pembeni: sindimba ikikolea ni mazoezi ambayo mwalimu yeyote wa mjini angeyatoza pesa.

Nenda sokoni na kapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vile vifuko laini vya kufungia viungo bado vinazagaa mpaka baharini. Plastiki usiichome uani, hasa karibu na jiko au dirisha la chumba cha mtoto. Maganda ya muhogo, majivu kidogo na matumbo ya samaki yafukiwe kwenye shimo la mboji, na mboji ijazwe kwenye kiroba cha mchicha kando ya bafu.

Haya yote hayachukui nafasi ya dawa. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aendelee na vidonge vyake hata akijisikia mwepesi, na kikohozi kilichopita wiki mbili, hata ukidhani ni moshi, kipelekwe kituo cha afya kikapimwe kifua kikuu.